Kimeo cha Mjomba Dadi

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza mapema. Mvua imenyesha kabla fundi rangi hajamaliza kibao, naye amekimalizia barazani huku akilalamika kwamba rangi haitashika. Kimeandikwa KLINIKI YA MASIKIO, PUA NA KOO, DKT. SABRA MANSURI, DAKTARI BINGWA. Neno "bingwa" amelipaka jekundu na kulifanya kubwa kuliko jina langu, mpaka kwa mbali unaweza kudhani hapa Kilakala umefunguliwa ukumbi wa ngumi. Nimemwambia alipunguze.

"Dokta, hilo ndilo linaloleta wateja," kanijibu. "Jina lako nani analijua?"

Nimeliacha. Miaka kumi na minne nimetibu katika hospitali za watu nikisema iko siku nitakuwa na mlango wangu mwenyewe. Sasa ninao, na siku nzima nimekaa nyuma yake nasikiliza bati.

Jumanne, 4 Machi

Wagonjwa wawili. Mmoja alitaka kupimwa macho.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee mwenye usaha sikioni amekataa matone mpaka akamuulize shehe kama yanafunguza saumu. Nimemwambia arudi baada ya futari. Akasema baada ya futari kuna tarawehe. Mimi mwenyewe nimefunga, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Severini, alikuwa askari magereza Kingolwira hadi alipostaafu. Anaishi chumba cha uani, na kila jioni anazunguka kuvuta makufuli yote, la kwangu likiwemo. Leo amenifungia nikiwa ndani. Nilipogonga akaja bila haraka, akafungua. "Samahani, Daktari. Mazoea." Kodi yake ameitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo na nimelipa, kwa hiyo hata nikitaka kuhama siwezi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilidhani gharama ya kufungua kliniki ni vifaa. Vifaa ni mwanzo tu. Mkaguzi wa leo anataka chumba cha taka kiwe na mlango wa nje, kwa hiyo ukuta nilioupaka rangi mwezi uliopita unabomolewa. Kuna mashine ya risiti, kuna mitungi ya zimamoto, kuna mkataba wa bima ambao bila huo nusu ya wagonjwa wa mji huu wananipita wakielekea kwingine. Na kuna mshahara wa Hosiana, nesi wangu, aliyeacha kazi ya uhakika kunifuata. Hosiana ni Mpare na hana simile. Leo mashine ya kunyonya damu na makohozi, niliyoinunua Dar ikiwa imetumika, imezima mara tatu. Akaitazama akasema, "Daktari, umeuziwa kimeo."

Tumecheka mpaka machozi, maana kwa kazi yangu neno hilo lina sura mbili. Kimeo ni kitu kibovu ulichouziwa, na kimeo ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa, juu ya koo. Nikatoa stoo pampu ya kizamani ya kunyonya, ya kukanyaga kwa mguu, niliyopewa kama nyongeza. Hosiana akasema hiyo tumpelekee fundi cherehani.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike habari ya shamba, labda itaacha kunikalia kifuani.

Sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mama yangu, Mwanahawa, analima migomba na mikarafuu juu ya Mkuyuni, lakini shamba ni la ukoo, na msemaji wa ukoo ni kaka yake, Mjomba Dadi. Nilipotafuta mkopo wa kliniki mwaka jana, rehani pekee niliyoweza kuipata ilikuwa hati ya shamba hilo. Wakakaa kikao. Mjomba aliniuliza swali moja tu. "Mpwa wangu, huko kote umesomea nini hasa?"

"Koo, Mjomba."

Mzee mmoja akatania, "Koo hili la kumezea, au koo zetu hizi?" Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Akawageukia wenzake akasema, "Mmesikia. Amesomea koo." Hati ikatolewa siku hiyohiyo, na mimi nikarudi mjini nikishangaa ilivyokuwa rahisi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Milima haijaonekana tangu juzi.

Jumanne, 18 Machi

Wamekuja akina mama wawili na watoto wao, wametoka Mkuyuni kwa gari la asubuhi. Nikafurahi. Yule mkubwa akasema, "Tumeelekezwa na Mzee Dadi. Tumekuja kukata kimeo."

Huku kwetu mtoto akikohoa sana au akikonda, watu husema kimeo kimerefuka, kinamkuna kooni, kikatwe. Mafundi wa kukata wapo vijijini. Ni kisu na mkono, mtoto kashikwa na watu wazima. Wanaoharibikiwa nimewapokea miaka yote hospitalini. Kimeo hakirefuki kikamkondesha mtoto. Nikawapima wale wawili: mmoja ana pumu, mwenzake ana mafua. Nikaeleza, nikaandika dawa.

"Kwa hiyo hukati?" akaniuliza yule mkubwa, kwa upole kabisa.

"Sikati, mama."

Wakaondoka, karatasi zangu wakaziacha mezani.

Mjomba Dadi ni fundi wa vimeo. Sikuliandika hilo mapema kwa sababu linanitia haya. Amekata Mkuyuni karibu yote, na changu kimo. Nikijitazama kooni kwa kioo, pale penye kimeo naona kovu.

Jumatano, 19 Machi

Watatu wengine. Kimeo.

Alhamisi, 20 Machi

Kimeo, kimeo. Hosiana kasema, "Daktari, wa leo peke yao wangelipa mshahara wangu." Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyohiyo.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Mama.

"Mama, mbona Mjomba ananiletea watu?"

"Si kazi yako hiyo? Alisimama msibani kwa jirani zetu akina Mosi, akawaambia watu, 'Kisu nimekiweka chini. Mikono haishiki tena. Kazi imekwenda kwa mpwa wangu, na ukoo umeijengea nyumba mjini.'"

"Nani kasema mimi nakata vimeo?"

Nikasikia kuku nyuma ya Mama. Kisha akasema taratibu, "Wewe si ulisema umesomea koo?"

Mjomba Dadi alirithi kisu kwa mjomba wake, na mjomba wake kwa mjomba wake. Kazi ya namna hiyo haiendi kwa mtoto wa kuzaa, inakwenda kwa mtoto wa dada. Kwenye kile kikao mimi nilikuwa naomba mkopo, wao walikuwa wananirithisha. Shamba limewekwa rehani kwa ajili ya kisu, na wala hakuna aliyemdanganya mwenzake. Nimeogopa. Nimekaa na simu mkononi mpaka nikasikia Mzee Severini anakuja kuvuta kufuli.

Jumanne, 1 Aprili

Idi pili. Nimefunga kliniki kwa siku moja, na siku moja ya kufunga ni siku ya kutolipwa, maana hapa hakuna daktari mwingine. Gari lilituacha kabla ya Mkuyuni kwa sababu ya tope, nikamalizia kwa miguu na viatu mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, daktari wetu. Karibu, mpwa wangu."

Kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili, na bado kilimwagika kwenye kanzu yake ya sikukuu. Kisu kilikuwa tayari kwenye mkeka, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Akakisogeza mbele yangu.

"Mjomba, mimi sikati."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Hakuna haja ya kukata. Watoto wanaumwa vitu vingine, kimeo kinasingiziwa."

"Chako nilikikata mwenyewe ukiwa mdogo. Ukaacha kukohoa, ukasoma, ukawa daktari. Nasema uongo?"

"Ningeacha kukohoa hata usingenikata."

"Unajuaje, na nilishakukata?"

Huyu mzee angezaliwa mjini angekuwa wakili. Mama alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kana kwamba nimevunja sahani ya wageni.

"Haya," akasema Mjomba. "Wewe hukati. Wakirudi kwangu niwafukuze?"

"Walete, niwatibu."

"Niliwaleta. Uliwapa karatasi."

Hakuwa ananitisha. Alisema huku akiitazama mikono yake, na mimi nikaitazama pia. Nimekiacha kisu palepale kwenye mkeka.

Jumamosi, 5 Aprili

Hakuna mtu. Dari la chumba cha vipimo linavuja.

Jumanne, 8 Aprili

Afisa mikopo kapita. Kijana mstaarabu, kanywa maji, kasifu kibao. Kaniambia kama mwezi huu marejesho yatachelewa tena, itabidi "waanze kuliangalia shamba". Alilitamka utadhani anakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewaza jambo ambalo daktari hatakiwi kuliwaza, na nimeliwaza vizuri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikikata mimi, nitakata kwa ganzi, kwa mkasi uliochemshwa, chini ya taa. Nitachukua ncha tu. Hakuna atakayevuja damu. Mama wa mtoto atarudi kwao ameridhika, marejesho yatalipwa, ukoo utabaki na shamba lake. Nikikataa, yule mtoto hatasalimika. Atakatwa vilevile, na mikono ile. Kwa hiyo kukataa kwangu kunamlinda nani? Kunanilinda mimi nisijichafue.

Halafu nawaza upande wa pili. Nikikata mmoja, hiki kibao chekundu kitakuwa kimesema kweli mbele ya Mkuyuni na Matombo nzima: bingwa naye anakata. Hakuna nesi wa zahanati atakayeweza kumzuia mzazi tena.

Nimechoka kuzunguka. Kila ninapopita nakuta ukuta.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nilikaribia.

Kaja mama mmoja wa kutoka juu ya Mkuyuni, Eufrazia, na binti yake Joyce wa miaka mitatu. Mtoto anakohoa usiku, analala mdomo wazi. Eufrazia alikuwa ameuza ndizi kwa ajili ya safari hii na fedha alikuwa nazo mkononi, kaziviringisha. Hakusema mengi. "Nisaidie, daktari. Nimechoka kumsikiliza."

Nikamwambia Hosiana aandae vifaa. Hosiana akanitazama mara moja, akaandaa. Nikavaa glavu. Nikamfungua Joyce mdomo, na kile kimeo chake kilikuwa kidogo, cha rangi ya waridi, hakina kosa lolote duniani. Nilikishika kwa macho tu kwa muda, kisha nikavua glavu. Nyama za nyuma ya pua ndizo zilizovimba. Nikampa dawa ya kupuliza puani na nikamwambia Eufrazia amrudishe baada ya wiki mbili, bila malipo.

"Haya, daktari," akasema. Huku kwetu "haya" ya namna ile maana yake ni hapana.

Alhamisi, 17 Aprili

Njia ya Mkuyuni imekatika, wanasema daraja dogo limekwenda na maji. Nimejikuta nafurahi. Kama hawawezi kushuka kuja kwangu, labda na kule juu hawatembei.

Jumanne, 22 Aprili

Wanatembea.

Mchana mvua kubwa, umeme umekatika. Walikuwa wamevuka kwa miguu pale penye daraja wakapanda bodaboda ng'ambo; ya kwanza ikaingia uani, Eufrazia kapakata mtoto ndani ya khanga, na khanga imelowa damu kuanzia kifuani mpaka chini. Nyuma ikaja ya pili, imembeba Mjomba Dadi.

Mkono ulikuwa umetetemeka, kisu kikapita kimeo kikaingia kwenye nyama ya pembeni. Joyce alikuwa mweupe midomoni na alikuwa anameza damu badala ya kulia. Mtoto anayemeza namna ile huna muda naye. Hosiana akavuta mashine ya kunyonya, akakumbuka hakuna umeme, akairusha pembeni akaleta pampu ya mguu. Tulikuwa na mikono minne na yote ilikuwa na kazi. Nikamwita Mzee Severini kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Akaingia na koti lake la mvua, nikamwonyesha pa kukanyaga.

"Usiache mpaka nikuambie."

"Ndiyo, Daktari."

Akakanyaga. Hosiana alishika tochi ya simu kwa mkono mmoja na kichwa cha mtoto kwa mwingine. Mimi nilikandamiza kipande cha bandeji chenye dawa ya kukaza mishipa, nikanyonya, nikatazama, nikaona damu tu, nikakandamiza tena. Niliomba. Sikuomba kwa ajili ya Joyce peke yake, niseme ukweli, niliomba na kwa ajili yangu. Mara ya nne nikauona mshipa, nikaubana, nikaufunga kwa uzi. Damu ikasimama. Joyce akalia, na Eufrazia aliposikia kilio akakaa chini sakafuni.

Mvua ilipopungua tumempeleka hospitali akaongezewa damu. Amelala, anapumua vizuri, nimerudi kumtazama mara mbili.

Mzee Severini alikuwa bado anakanyaga tulipokuwa tunatoka. Nilisahau kumwambia aache.

Jumatano, 23 Aprili

Mjomba hakwenda na wengine hospitalini. Nimemkuta asubuhi kwenye benchi la wagonjwa, na kanzu ileile yenye damu iliyokauka. Mzee Severini alimpa blanketi na hakumfungia.

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima. Lakini alikohoa, na baada ya kukohoa akaendelea kukohoa, nikasema kwa hasira, "Ingia ndani. Fungua mdomo."

Akafungua. Nikaweka taa. Nikasahau kilichonifanya nimwingize.

"Mjomba. Wewe una kimeo."

Kilikuwa pale, kizima, kirefu kiasi, hakijawahi kuguswa na mtu. Nikazima taa.

"Hukukatwa?"

"Sikukatwa."

"Kwa nini?"

"Mjomba aliyenifundisha alianza na wadogo zangu. Nilimshikia vichwa vyao. Zamu yangu ilipofika nikakimbilia Kingolwira kwa miguu, nikalala stesheni. Nilitaka kazi ya reli, wewe hujui. Wakanifuata. Nikasema nitakishika kisu, lakini mimi asinikate. Akakubali, mradi nisiseme."

"Na ukakata watu miaka yote hiyo."

"Nilipewa. Ningekipeleka wapi? Hata wewe walikupa hii nyumba ya kutibia; ungeipeleka wapi?"

Nilitaka kukasirika na nikashindwa. Nilimwona kijana aliyelala stesheni akisubiri treni, na wajomba wanakuja njiani. Nikampa dawa ya kikohozi. Ni ugoro unaomkohoza, wala si kimeo.

Jumatatu, 28 Aprili

Joyce ameruhusiwa. Eufrazia hakumsalimia Mjomba. Mimi alinishika mkono, akanipa chane moja ya ndizi.

Ijumaa, 9 Mei

Mjomba hajarudi Mkuyuni. Anasema anasubiri njia itengenezwe. Njia imeshatengenezwa. Analala chumba cha Mzee Severini, wanacheza bao bila kuzungumza.

Nimekubali kazi ya usiku katika hospitali moja ya mjini, wikiendi zote. Niliacha ajira ili nifungue kliniki, na sasa nimerudi kwenye ajira ili kliniki isifungwe. Hosiana alicheka nilipomwambia, halafu akaomba radhi. Marejesho ya mwezi huu yatalipwa. Ya mwezi ujao sijui.

Jumanne, 20 Mei

Watu wa Mkuyuni hawaji. Wanasema Dadi kaharibikiwa na mpwa wake ndiye aliyemtia nuksi, na kwamba kuna fundi mwingine amejitokeza, kijana, mikono imara. Nimekosa usingizi kwa ajili ya hiyo mikono imara. Nimemwambia Mjomba. Alisogeza kete zake.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imekwisha. Milima imetoka yote asubuhi, hadi mashamba ya juu unayaona.

Kaja mama mmoja na mtoto wa kiume mgongoni, kutoka Mkuyuni, pengine hakuwa amezisikia habari zetu au alizisikia akapuuza. Kikohozi. Kimeo. Nikampima mtoto, nikaeleza kama nilivyoeleza masika yote. Akanisikiliza kwa adabu, akasema "haya", akaanza kumfunga mtoto mgongoni. Nilijua anakwenda wapi kutoka hapa.

Mjomba alikuwa kwenye benchi. Akainuka, akaja katikati ya chumba akiwa ameshikilia ukuta.

"Binti, wewe wa nani?"

Akamtajia. Akamsalimia, "Shikamoo, Mzee Dadi," kwa heshima ile ya zamani, mbele ya wagonjwa wengine wawili waliokuwa wakisubiri na Hosiana mlangoni.

"Marahaba. Kabla hujaondoka, njoo utazame kitu." Akanigeukia. "Mpe tochi."

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba si lazima. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akaichukua tochi mezani mwenyewe, akampa yule mama. Kisha akakaa kwenye kiti changu cha wagonjwa, akainua kidevu, akafungua mdomo.

Mama akainama na tochi. Akatazama. Akatazama tena, akausogeza mwanga kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha akashika koo lake mwenyewe.

"Na si wewe uliyenikata mimi?"

Mjomba hakuweza kusema, mdomo ukiwa wazi. Alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka kuelekea masikioni, na hakuufunga mdomo mpaka alipomwona yule mama amemshusha mtoto mgongoni na kukaa.